Tuliondoa vumbi, hatukuondoa watu



Leo sileti habari ya mapigano wala ya bei ya unga. Nataka kuwaeleza juu ya mashine moja ninayoiweka nyuma ya kitanda changu hapa Goma. Ni mashine ya kuvuta vumbi, ile tunayoita aspirateri, lakini ya kazi: tangi la chuma lenye magurudumu manne, tiyo ndefu, na mota juu yake kama kofia. Wengi wenu mmeniona nikiipakia kwenye shukudu siku ya jumamosi, mkauliza mwandishi wa redio anaenda wapi na pipa lenye mkonga wa tembo. Nitawajibu. Na katika kujibu nitaungama kosa moja nililofanya mbele ya mikro, sababu bila mashine hii nisingeliona vizuri.

Nilipomaliza masomo ya sekondari, nyumbani hapakuwa na makuta ya kunipeleka mbele. Nilipata kazi ya usafi katika hoteli moja ya kando ya ziwa, na mshahara wa hapo ndio uliolipa mafunzo yangu ya uandishi wa habari. Nilifanya miaka mitatu. Asubuhi vyumba, mchana korido, jioni ukumbi wa mikutano wenye moketi kutoka ukuta hadi ukuta.

Asiyeishi Goma hawezi kujua vumbi letu. Mji huu umekaa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 lava ya Nyiragongo ilipita hadi katikati ya mji, na tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilishuka tena ikasimama upande wa Buhene. Magari, pikipiki na mashukudu yanasaga mawe hayo kila siku, na kiangazi kikifika unga mweusi unaingia kwenye nyumba za mbao kupitia kila ufa. Ukipanguza meza asubuhi, saa sita unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole.

Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nafagia moketi ile kwa fagio. Nilikuwa na nguvu, nilifagia mpaka jasho. Kapita wetu wa usafi, baba mmoja mpole aliyezoea kazi hiyo tangu ujana, alisimama mlangoni akaniangalia, kisha akaniuliza:

«Kijana, unafagia ama unahamisha?»

Sikuelewa. Akanionyesha mwanga wa jua uliokuwa unaingia dirishani. Ndani ya mwanga ule hewa yote ilikuwa imejaa chembe zinazoelea. «Lile vumbi ulilolitoa chini, sasa liko juu ya pazia na ndani ya kifua chako. Usiku litashuka tena. Kesho utalifagia lile lile.» Kisha akanitolea aspirateri kwenye stoo, akanifundisha.

Nitawaeleza jinsi inavyofanya kazi, sababu hapo ndipo maana ya habari hii yote ilipo. Ndani ya kofia kuna mota inayozungusha feni kwa kasi kubwa. Feni inatoa hewa ndani ya tangi, na hewa nyingine inakimbia kupitia tiyo ili kujaza nafasi ile. Hewa hiyo ndiyo inayobeba vumbi. Ikifika kwenye tangi, kwanza inapita ndani ya mfuko, na vumbi kubwa linabaki humo. Kisha inapita kwenye filta, na vumbi jembamba linabaki hapo. Mwisho inatoka nyuma ya mashine na kurudi chumbani. Kwa hiyo mashine haimezi hewa. Inaikopa na kuirudisha. Kama mfuko na filta ni vizima, hewa inarudi safi. Kama havipo, mashine ile ni fagio la kuranti tu. Inachukua vumbi sakafuni na kulirusha puani mwako kwa nguvu kuliko mkono wowote.

Baadaye, katika mafunzo ya uandishi, nilitafuta asili ya mashine hizi nikakuta kisa ambacho sijakisahau. Mwaka 1901 Muingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza moja kubwa kama gari. Ilivutwa na farasi, ikasimamishwa barabarani, na tiyo zikapitishwa madirishani. Ilikuwa mashine ya matajiri. Lakini ile ndogo ya kubeba mkononi ilitokana na mtu wa usafi. James Murray Spangler alikuwa anafagia duka kubwa katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, kule Marekani. Alikuwa na ugonjwa wa pumu, na vumbi la kazi yake lilikuwa linamkaba. Akachukua mota ya feni, mpini wa fagio na foronya ya mto, akaunganisha, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1908, kisha akauza haki yake kwa familia ya Hoover, na jina lao ndilo lililojulikana duniani. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1921, kampuni ya Electrolux ya Uswidi ilitoa aina ile inayolala chini na kuvutwa kwa tiyo, shangazi mkubwa wa hii yangu.

Foronya ya mto! Ndiyo kusema tangu mwanzo kitu cha maana kilikuwa ule mfuko. Mfagiaji alikuwa anatafuta namna ya kupumua.

Hoteli ilipobadilisha vifaa vyake, ile ya zamani waliiuza kwa wafanyakazi. Niliichukua kwa dola 40, zikakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Nilikuwa tayari nimeanza kupeleka habari redioni, na ninyi mnajua redio ya jamii inalipa namna gani. Nikawa nasafisha maduka na maburo siku za mwisho wa juma: moketi za kanisa, viti vya kitambaa, sakafu za saibakafe. Kazi hiyo ililipa kodi yangu ya nyumba mara nyingi kuliko mikro.

Kosa langu la kwanza na mashine hii lilitokea kwa sababu ya haraka. Mifuko iliisha. Hapa Goma haikupatikana, na mfanyabiashara anayeniletea kutoka Kampala alikuwa hajarudi. Mwenye duka moja lililokuwa limepigwa sementi mpya akaniita. Alitaka kufungua kesho yake. Nikasema moyoni, mara moja tu, nitavuta bila mfuko. Nilienda na kijana wa jirani anayenisaidia.

Vumbi la sementi na mchanga ni jembamba sana. Kwa nusu saa filta ilijaa, ikapasuka pembeni, na sisi hatukuona. Tuliona tu kwamba chumba kinazidi kuwa na ukungu. Mota ikaanza kunuka, kisha ikazima. Fundi mmoja wa Birere alipoifungua alitoa unga wa kijivu hata kwenye sharboni, vile vipande vidogo vyeusi vinavyopeleka kuranti ndani ya mota. Zilikuwa zimelika kabisa. Kuitengeneza ilikuwa jambo la siku mbili. Lakini yule kijana alikohoa wiki mbili na zaidi. Nilimpeleka kituo cha afya, nikalipa dawa, nikakaa na mama yake kwenye benchi bila neno la kumwambia. Muuguzi aliniuliza swali moja tu: «Na wewe ulimpa nini cha kufunika pua?» Sikumpa kitu.

Kijana alipona, na bado anafanya kazi nami. Lakini tangu siku hiyo, bila mfuko na bila filta nzima, mashine hainyanyuki nyuma ya kitanda, hata wakinipa nini.

Sasa nifike kwenye kosa la pili, lile lililonifanya niandike.

Mwezi wa pili wa mwaka 2024 vita vilipokaribia Sake, mnakumbuka barabara ile ilivyojaa. Kina mama na magodoro vichwani, watoto, mbuzi, mabidoni. Kati yao alikuwa mama yangu mdogo, ndugu wa mama yangu, kutoka milima iliyo juu ya Sake. Alifika na wajukuu wanne. Nyumba yangu ni chumba kimoja na sebule. Niliwachukua wajukuu wawili. Yeye na wawili wadogo walilala katika darasa la shule moja upande wa magharibi ya mji, pamoja na familia nyingine nyingi. Mchana walikuwa wanatoa mikeka nje, usiku wanairudisha.

Baada ya majuma matatu kamati ya wazazi iliniletea tangazo redioni. Karatasi ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba familia zinazolala madarasani zitahamishiwa kambini siku ya ijumaa, na kwamba lori litakuja kuzichukua. Ya pili ilisema kwamba baadaye shule itapigwa usafi ili masomo yaanze tena jumatatu. Habari za saa kumi na mbili zilikuwa ndefu, muda ulikuwa mdogo. Nikakata. Nikaandika kwa kalamu yangu mwenyewe na kusoma kwa sauti yangu mwenyewe:

«Ijumaa hii shule itaondolewa wahami na uchafu, ili watoto warudi darasani.»

Nilipomaliza kusoma sikuhisi kitu. Sentensi ilikuwa fupi na wazi, kama tulivyofundishwa.

Kesho yake jioni nilimpelekea mama mdogo maharagwe na makala. Nikamkuta amekaa nje ya darasa na wenzake, mbabula katikati, redio ndogo juu ya jiwe. Tukasalimiana. Aliniuliza habari za wajukuu, kama wanakula, kama wanalia usiku. Kisha akasema, bila kuinua sauti:

«Baba, jana tulikusikia. Wahami na uchafu.»

Nikasema, ndiyo mama, ni tangazo la kamati.

«Sawa. Nilitaka kukuuliza tu. Ile ijumaa, watatutoa sisi kwanza, ama uchafu kwanza? Tujue kupanga vitu.»

Wale mama wengine wakacheka. Mmoja akaongeza, «Labda lori ni moja.» Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao, sababu sikujua la kufanya na uso wangu. Mama mdogo peke yake hakucheka. Alikuwa anapepea moto.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka kapita na swali lake. Nilikuwa nimefanya kazi ya usafi miaka mingi, najua kuliko wengi kwamba usafi ni kazi ya kupambanua: hiki kinabaki, hiki kinaondoka, hiki kinachomwa, hiki kinaoshwa. Na mimi nilikuwa nimechukua watu na takataka, nikawatia ndani ya kitenzi kimoja.

Ijumaa asubuhi niliweka mashine kwenye shukudu, tukaenda mimi na yule kijana. Sikuwa nimeitwa na mtu. Tulipofika, lori lilikuwa halijafika, na mama mdogo na wenzake walikuwa wamekwisha anza kufagia. Walitaka kuacha mahali wakiwa wamepasafisha, wasisemwe. Walikuwa wanafagia kavu, watoto wadogo bado wamo ndani, na madarasa yote manne yalikuwa yamejaa wingu jeusi mpaka mlangoni. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa anakohoa na kufagia, anakohoa na kufagia.

Niliwaomba waache. Tukafungua madirisha yote, watoto wakatoka nje. Shule haina kuranti, kwa hiyo tukakodisha jenereta ya kijana mmoja anayechajia watu simu kwenye kona. Mashine yangu inakula wati 1,200, na mota ikianza inataka zaidi ya hapo, kwa hiyo jenereta ndogo kabisa ingezima. Yake ilikuwa ya wati 2,500, ikatosha. Petroli ya lita tatu tulilipa nusu mimi, nusu kamati.

Kwanza tulitoa majivu. Hili nawaomba mlishike: majivu ya mbabula hayavutwi kwa mashine, hata yakionekana yamepoa. Ndani yake kaa dogo linaweza kuwa hai, na likiingia kwenye mfuko wa karatasi, upepo wa feni unaliwasha kama mhunzi na mvukuto wake. Tuliyamwagia maji, tukayatoa kwa koleo. Kisha tukaanza juu: boti za paa, nondo za madirisha, mgongo wa kabati la vitabu. Halafu kuta. Sakafu ni ya mwisho, sababu kila cha juu kinaanguka chini.

Katika darasa la tatu mashine ilibadilisha sauti. Ilipanda, ikawa kama inalia. Hiyo ni ishara kwamba hewa haipiti, tiyo imeziba. Tukazima, tukachomoa tiyo, kijana akaingiza fimbo. Ikatoka soksi ya mtoto, ndogo, ya rangi ya machungwa. Mama mdogo aliichukua, akaikung'uta, akaiangalia, akasema jina la mtoto na jina la mama yake. Akaita. Mama yule akaja mbio, akaipokea kwa mikono miwili.

Mfuko ulijaa mara tatu. Mara ya tatu mwenyekiti wa kamati alikuwa amefika, pamoja na direkta wa shule. Mwenyekiti alikuwa amekasirika tangu siku nyingi. Alisema mbele yetu sote kwamba watoto wake wamepoteza majuma matatu, na kwamba wageni wameigeuza shule kuwa jalala. Mama mdogo akaniambia: «Baba, fungua huo mfuko, tuone uchafu wetu.»

Tukatandika kipande cha shitingi nyuma ya choo, upande ambao upepo unaenda, nikafunga kitambaa puani, nikamwaga polepole, kijana akinyunyiza maji ili lisiruke. Tukainama wote kuangalia. Mbegu chache za maharagwe na mahindi zilikuwamo, ndiyo. Nyuzi za mikeka, ndiyo, na nywele. Lakini kwa sehemu kubwa ulikuwa unga wa namna mbili. Mmoja mweusi, wa mawe ya barabara yetu. Mwingine mweupe, mzito, umeshikana kama unga wa muhogo uliolowa. Ni chaki. Ndiyo iliyokuwa juu ya boti na juu ya kabati.

Direkta alichota kidogo kwa vidole, akakisugua. Alisema: «Hii si ya majuma matatu. Hii mimi nilifundishia.» Kisha akakaa kimya, na mwenyekiti naye akakaa kimya. Watoto hamsini kwa darasa moja, miaka yote hiyo, walikuwa wanakaa chini ya vumbi hilo, na kila mlango ulipopigwa na upepo lilikuwa linawashukia kichwani. Hakuna aliyelitangaza redioni.

Sitaki kuwadanganya kwa kuonyesha upande mmoja. Madawati mawili yalikuwa yamechomwa kuni. Vyoo vilikuwa vimejaa, na ubao mmoja ulikuwa umepasuka. Mwenyekiti alikuwa na haki ya kusikitika, na watoto wake walikuwa na haki ya kusoma. Mama mdogo mwenyewe alimwomba radhi juu ya madawati. Alisema: «Baridi ilikuwa kali, na tulikuwa na wagonjwa. Kama ningekuwa na shamba langu ningewalipa mbao.» Yule baba akajibu, «Najua, mama.» Hayo tu. Baadaye nikamwona anasaidia kupandisha magodoro kwenye lori.

Jioni ile niliomba dakika moja katika habari. Mkubwa wangu wa kazi aliniambia kwamba sahihisho tunatoa tukikosea hesabu au jina la mtu. Nikamwambia hili pia ni jina. Akafikiri, akanipa sekunde thelathini. Nikasema: «Nilitangaza kwamba shule itaondolewa wahami na uchafu. Nilikosea. Leo familia zilizokuwa zinalala shuleni zimehamia kambini, na zimeacha madarasa yakiwa safi kuliko zilivyoyakuta. Ninaomba radhi.» Zilibaki sekunde kumi, tukaweka muziki.

Mama mdogo alikaa kambini karibu mwaka mzima. Jumamosi nyingine nilikuwa namchukua tukafanye kazi pamoja. Alijifunza kusikia mashine kuliko mimi. Akisikia sauti imepanda tu, ananyoosha mkono kwenye swichi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 makambi yaliyozunguka mji yalipobomolewa, alirudi upande wa nyumbani na wajukuu wote wanne. Nyumba aliikuta bila mlango na bila mabati. Kuranti hakuna, kwa hiyo aspirateri hawezi kuitumia huko. Lakini aliponipigia simu aliniambia alivyoingia: alinyunyiza maji kwanza, akafungia watoto nje, akafunga leso puani, ndipo akashika fagio. «Kapita wako angefurahi,» alisema.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kwa wale wanaouliza juu ya kununua mashine hii kwa kazi, na kwa wale ambao leo au kesho watapewa fagio wasafishe mahali walipolala, nawaachia machache.

Ukinunua ya mitumba, soma kibandiko chake. Iliyoandikwa volti 120 imetoka Marekani, ukiichomeka kwenye kuranti yetu ya 220 itaungua hapo hapo. Kwenye mashine za kazi zinazotoka Ulaya tafuta herufi ya vumbi: L inaruhusiwa kupitisha vumbi lisilozidi asilimia 1, M asilimia 0.1, H asilimia 0.005. Kwa vumbi la sementi usishuke chini ya M. Isiyo na herufi yoyote, itumie kwa moketi na viti tu. Kabla hujalipa, uliza mifuko na filta zake zinapatikana wapi, sababu mashine bila mfuko ni hasara mbili. Usivute petroli wala majivu. Ukivuta maji, hakikisha ni ile iliyotengenezwa kwa kavu na maji, na utoe mfuko wa karatasi kwanza. Mfuko umwage nje, ukiwa umefunika pua, mbali na watoto.

Na kama huna mashine, kama sisi wengi, bado unaweza kuzuia vumbi lisiruke. Nyunyiza maji kidogo sakafuni kabla ya kufagia. Anza juu, maliza chini, anza ndani, maliza mlangoni. Panguza kwa kitambaa kilicholowa badala ya kupiga kwa kikavu. Watoto na wenye pumu wakae nje mpaka chumba kitulie. Siku ya salongo mfanye hivyo hivyo barabarani.

Kwetu sisi wa redio, na kwa mashefu wa avenyu, wa kata na wa kamati wanaotuletea matangazo, ninaomba jambo moja. Tukiandika juu ya shule, kanisa au uwanja uliokaliwa na watu, tuandike sentensi mbili. Moja ya watu: wanaenda wapi, nani anawapokea, lori linafika saa ngapi. Nyingine ya uchafu. Muda hewani ni mdogo, najua, nimekaa kwenye kile kiti. Lakini sentensi ya pili inachukua sekunde nne tu. Nimeipima.